Nyumba ya chokaa Mikindani: inalindwa na nani?

Juzi nilikaa barazani kwa mama mmoja pale Mikindani, mji wa kale wa pwani mkoani Mtwara. Nyumba ni ya warithi, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, imejengwa na watu ambao hata yeye hakuwakuta. Wanawe wanataka upande wa barabarani ubomolewe, zipandishwe fremu nne za maduka. Wameambiwa wasithubutu, nyumba ni ya kale na inalindwa. Mama akaniuliza: "Mwanangu, inalindwa na nani? Maana mvua ikinyesha mimi ndiye ninayepanga mabeseni."

Sheria ipo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inalihesabu jengo lililojengwa kabla ya 1863 kuwa la kulindwa bila kusubiri tangazo, na waziri anaweza kuyaongeza mengine yenye thamani ya kihistoria. Hata mlango wa nakshi uliochongwa kabla ya 1940 una ulinzi wake. Huupeleki nje ya nchi bila kibali. Ila sheria hiyo ni nzuri zaidi kwa kukataza. Haijui kupanda juu ya paa.

Kabla ya kuchagua upande, tuitazame nyumba yenyewe, kwa sababu wengi tunaibishania bila kuingia ndani. Vyumba vyake ni vyembamba, virefu kama mtumbwi. Vijana wanasema wazee walizoea kubanana. Sivyo. Upana wa chumba ulitokana na boriti. Mti wa mkoko ukizidi mita tatu hivi huanza kupinda, maana juu yake inakaa sakafu ya mawe na chokaa iliyoshindiliwa, mzigo si mdogo. Fundi alikata boriti kwa kipimo hicho, na ramani yote ikafuata. Kuta ni nene, nusu mita na zaidi, ndiyo maana saa nane mchana wa Novemba ukiingia mle unahisi kama umetiliwa maji mgongoni, huku jirani mwenye nyumba ya tofali za saruji anahangaika na feni. Ukutani kuna vishubaka vya kuwekea taa na msahafu. Nje kuna baraza, na baraza si urembo: mgeni anakaa, anapewa kahawa, anaongea na mwenye nyumba hadi usiku, na watu wa ndani hawajasumbuliwa.

Sasa chokaa. Hapa wahifadhi wana hoja nzito, nami niko nao moja kwa moja. Zamani magogo yalipangwa, matumbawe yakawekwa juu, moto ukawashwa; chokaa ikazimwa kwa maji na kuachwa ilale kwa miezi. Chokaa hiyo ni laini, na ulaini huo ndio uzima wa ukuta. Unyevu unaopanda kutoka ardhini na unaoshuka kutoka kwenye paa bovu hupata njia ya kutoka. Saruji haitoi njia. Na saruji siku hizi iko mlangoni: tangu kiwanda cha Dangote kianze kazi Mtwara mwaka 2015, kutafuta mfuko si safari tena. Mwenye nyumba anaona ukuta unapukutika, ananunua mifuko mitatu, anaita fundi, ukuta unang'aa. Ndani, maji yamefungiwa. Chumvi iliyomo kwenye matumbawe inayeyuka, inasogea, inaganda nyuma ya plasta na kuisukuma.

Fundi mmoja mzee alinionyesha hapohapo kwa mama. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ukalia kavu, ngo, ngo. Akasogea hatua mbili, mahali palipopigwa saruji, akagonga tena: bu. "Hapa pameshaachana," akasema. Alichomeka ncha ya mwiko, kikatoka kipande kipana kama sinia, na nyuma yake uso wa jiwe ulikuwa umebaki unga mweupe. Plasta ilikuwa imeondoka na jiwe lake.

Kwa hiyo anayesema "nyumba yangu, nitaikarabati nitakavyo" mara nyingi anaiua kwa mkono wake mwenyewe, tena kwa hela yake. Hilo tukubaliane.

Upande wa pili nao haujasema uongo. Nyumba ya urithi yenye majina kumi na mawili kwenye mirathi haina mwenyewe. Atakayetoa hela za korosho zake msimu huu kuweka paa anajua mwakani ndugu aliyeko Dar atakuja kudai fungu lilelile. Basi kila mmoja anasubiri, na nyumba haisubiri. Ongeza mgongano ambao sijasikia ukisemwa hadharani: mwenye nyumba anaambiwa arudishe boriti za mkoko kama za asili, huku mikoko nayo inalindwa, na upande huu wa pwani kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000. Matumbawe ndiyo usiguse kabisa, na sawa, samaki wetu wanazaliana hapo. Lakini mkono mmoja wa serikali ukisema jenga kama babu yako, na mwingine ukisema vifaa vya babu yako ni kosa, mama wa watu afanyeje?

Watetezi wa uhifadhi huwa wananyoosha kidole kilimani, kwenye Boma. Kweli, Boma la Mikindani, lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, lilikuwa limechakaa hadi shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilipolikarabati na kuligeuza hoteli. Ni kazi nzuri, nendeni mkaione. Ila Boma halina warithi kumi na wawili, lilipata fedha kutoka nje, na lina vyumba vya kuuza kwa wageni. Wengine wanataja Kilwa Kisiwani, mji wa kale uliobaki magofu, iliyoingia Urithi wa Dunia mwaka 1981, ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini 2004, ikatolewa 2014 baada ya kazi ya miaka. Nayo inathibitisha kwamba kazi ikifanywa, kuta zinasimama. Lakini hakuna anayelala ndani ya Msikiti Mkuu wa Kilwa. Gofu halidai choo.

(Na kuna jambo hunichekesha. Nyumba inayotajwa kwa wageni kuliko zote Mikindani ni ile inayosemekana David Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi wa Kizungu, alilala mwaka 1866, akielekea Ruvuma. Hakukaa hata mwezi. Waliojenga na kuishi humo miaka yote hawana kibao.)

Mimi naona wanaokataza wamekosea mahali pa kukaza kamba. Uani wawaache watu. Choo, jiko, hata vyumba viwili vya tofali kwa ajili ya vijana, vijengwe huko nyuma. Paa la bati lisiwe kesi, maana bati lenyewe Mikindani lina umri wa kuitwa bibi. Pa kukaza ni kuta, chokaa, baraza na mlango wa mbele. Na anayeleta barua ya zuio aje na mfuko wa chokaa na fundi anayejua kuichanganya, maana mafundi hao wanazeeka na vijana wanajifunza saruji tu. Chokaa ya kuchomwa kwa mawe ya nchi kavu inatosha, bahari iachwe.

Fremu je? Hapa niliwaambia wale vijana kitu ambacho hawakukitarajia. Duka si geni kwenye nyumba hizi. Wafanyabiashara wa Kihindi wa Mikindani walikuwa na duka chini na familia juu, kwenye roshani. Chumba kile chembamba na kirefu kinachodharauliwa ni chumba cha duka tangu zamani: mlango mbele, kaunta, stoo nyuma. Mtavunja ukuta wa nusu mita ili mjenge ukuta wa inchi sita upate joto, mpange soda zichemke?

Mama alicheka. Mwanawe mkubwa hakucheka, alinyanyuka akaingia ndani. Nilipokuwa navaa viatu niliaga, nikamkuta anapima chumba cha mbele kwa hatua, kutoka ukuta hadi ukuta.

"Tatu na kidogo," akasema. "Kaunta inaingia, kaka. Friji ndiyo sijui itapitia mlango gani."