Ibara ya 5: kufuli la Katiba ya Marekani limekaza kupita kiasi?

Tangu ianze kazi mwaka 1789, Katiba ya Marekani imerekebishwa mara 27 tu, na marekebisho kumi ya kwanza yaliridhiwa kwa mkupuo mmoja mwaka 1791. Wapo wanaosema huo ndio uimara wake, na wapo wanaoona ni kufuli lililoshika kutu. Ugomvi wote uko kwenye Ibara ya 5, inayoeleza namna ya kuirekebisha.

Rekebisho hupita hatua mbili. Kwanza lipendekezwe: ama na theluthi mbili ya Baraza la Wawakilishi na theluthi mbili ya Seneti, ama na mkutano wa katiba ulioombwa na mabunge ya majimbo 34. Njia hii ya mkutano haijawahi kutumika hata mara moja. Kisha liridhiwe na robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50. Rais hana kura ya turufu hapa. Mahakama ya Juu ililimaliza suala hilo mwaka 1798.

Wengi hulaumu theluthi mbili ya Kongresi (bunge la taifa), lakini hesabu ngumu zaidi ni ile ya majimbo. Kila bunge la jimbo lina mabaraza mawili, isipokuwa Nebraska lenye moja, kwa hiyo nchi nzima ina mabaraza 99. Kwa kawaida anayetaka rekebisho lipite lazima ashinde katika mabaraza 75 au 76. Anayelipinga anahitaji 13 tu, mradi yawe ya majimbo tofauti, kwa sababu baraza moja likigoma, jimbo zima limegoma.

Rekebisho la usawa wa haki bila kujali jinsia lilinasa humo. Kongresi ililipitisha mwaka 1972 na kuliwekea muda wa miaka saba wa kuridhiwa. Lilifika majimbo 35, likaongezewa muda hadi 1982, lisipate hata jimbo moja zaidi. Nevada iliridhia mwaka 2017, Illinois 2018, Virginia 2020, na hesabu ikagonga 38. Lakini muda ulikuwa umekwisha zamani, na majimbo matano yalikuwa yamepiga kura kufuta ridhaa yao. Je, jimbo linaweza kujitoa? Ibara ya 5 haisemi, na kuhusu ukomo wa muda nako iko kimya.

Watetezi wa kufuli wana hoja nzito, na historia iko upande wao. Chini ya mkataba wa kwanza wa muungano, badiliko lilihitaji ridhaa ya majimbo yote 13, na mwaka 1782 Rhode Island peke yake ilikwamisha ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje uliokusudiwa kulipa madeni ya vita. Kwa watu waliotoka huko, robo tatu ilikuwa nafuu kubwa. Na maafikiano yakiwepo, mlango hufunguka upesi. Mwaka 1970 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Kongresi inaweza kushusha umri wa kupiga kura hadi miaka 18 kwa uchaguzi wa kitaifa tu. Majimbo yakajikuta yanakabiliwa na gharama ya kuweka madaftari mawili ya wapigakura, moja la uchaguzi wa kitaifa na jingine la uchaguzi wa jimbo. Rekebisho la 26 lilitoka Kongresi Machi 1971, likakamilika Julai 1 mwaka huohuo.

Tangu hapo limepita moja tu, la 27, mwaka 1992, linalohusu mishahara ya wabunge. Nalo lilikuwa kiporo: lilipendekezwa mwaka 1789!

Hapa ndipo wakosoaji wananishawishi. Mlango ukikaza, watu hupitia dirishani, na dirisha ni majaji tisa wa Mahakama ya Juu wasio na ukomo wa utumishi. Haki ya kutoa mimba waliitambua mwaka 1973 na kuiondoa mwaka 2022, na katika miaka yote hiyo hakuna neno la Katiba lililoguswa kwa ajili yake. Ugumu uliokusudiwa kuilinda Katiba dhidi ya haraka za wanasiasa umefanya uteuzi wa jaji mmoja uwe na uzito kuliko kampeni katika majimbo 50.

Kwangu mimi, robo tatu ibaki. Kinachohitaji kuandikwa ni ukomo wa muda na kanuni ya kujitoa, na hata hayo yatapaswa kupita katika mabaraza yaleyale 75 au 76. Kuna kifungu kimoja kigumu zaidi: hakuna jimbo linaloweza kunyimwa usawa wa kura katika Seneti bila ridhaa yake lenyewe. Wyoming, yenye watu wasiofika laki sita, ina maseneta wawili sawa na California yenye karibu milioni 39, na kwa hilo hata majimbo 49 hayatoshi.