Kubadilisha ekzame sawa, lakini Leta ihesabu franga yote

Juma iliyopita mu mukutano wa bazazi huku Ruashi, komini ya Lubumbashi, papa mumoja alisimama akasema ile ekzame ya Leta (serikali) ya kumaliza sekondari huku Kongo, Exetat, ibadilishwe tu, batoto bamechoka kushika itemu, yaani maulizo ya kuchagua jibu, ku kichwa, na mambo ya feza hiyo ni kazi ya Leta, siyo yetu. Bantu bakapiga makofi. Mimi pia nilitaka kupiga juu maneno yake ya kwanza ni kweli kabisa, ila ile ya feza ilinikwama ku shingo mpaka nikafika nyumbani, njo maana naandika.

Exetat iko tangu 1967. Sehemu kubwa ya zile siku nne ni kuchagua jibu, na mashini njo inasahihisha. Ile mashini haijui jina la baba yako, haijui kama unatoka Kasenga ao Kinshasa, na mu inchi yetu hiyo haki si kidogo, bale banataka ekzame ya kuandika na kueleza bakumbuke kwamba karatasi ya kuandika inataka muntu wa kuisoma, na huyo muntu anataka mushahara, siku na usafiri, tena anaweza kuhongwa. Lakini upande mwengine nao hauna uongo. Mutoto anaweza kupata diploma ya sayansi, sawa ile ya zamani ya Bio-Chimie (biolojia na kemia), bila kugusa chupa ya maabara hata siku moja, na mu muji wa migodi sawa Lubumbashi bei ya ile diploma tunailipa nyuma, wakati anafika ku chuo kikuu mwaka wa kwanza na hajui kupima kitu. Kwa hiyo kuacha vile iko nako kunakula franga.

Sasa angalieni nyumba moja tu. Mutoto mukubwa wa dada yangu alifanya Bio-Chimie. Makaye (madaftari) yake yote na itemu za miaka ya nyuma mama yake aliziweka mu mufuko wa muchele, chini ya kitanda, kwa ajili ya kadogo yake, ndugu yake mudogo. Katikati hapo mambo yakageuka: sheria ya elimu ya 2014 iligeuza madarasa, elimu ya musingi ikawa miaka 8, kisha 2015 Benki ya Dunia ikaleta mradi wa dola milioni 200 wa kuboresha masomo ya sekondari na chuo kikuu, programu za hesabu na sayansi zikaandikwa upya, option (michepuo) mbili, Math-Physique na Bio-Chimie, zikaunganishwa kuwa moja, Scientifique. Kadogo akafungua ule mufuko. Kemia kidogo ilimusaidia, lakini hesabu za sasa hazimo mule na mupangilio wa masomo si ule. Mwalimu wao naye alikuwa na programu mupya mu telefone yake, moja kwa darasa nzima, anaandika ku ubao mpaka kengele inalia. Mama akaanza kununua fotokopi, ukurasa kwa ukurasa, na franga ya kuuza unga. Zile milioni 200 zina karatasi na sahihi, franga za huyu mama haziko mu bajeti yoyote. Na nyumba za namna hii ni ngapi mu komini zetu za Lubumbashi, mu Katuba, mu Kampemba, mu Kenya?

Musidhani ni shida ya inchi masikini tu. Marekani, 2010, serikali ilitoa karibu dola milioni 360 kwa vikundi viwili vya majimbo, PARCC na Smarter Balanced, ili batengeneze mitihani mipya ya kufanya ku kompyuta. Na nia ilikuwa muzuri, mutoto aeleze namna anafikiri, asichague jibu tu. Mitihani ikaanza 2015, lakini majimbo yakawa yanatoka moja moja, hasa upande wa PARCC, kwa ugomvi wa siasa, kwa bei, kwa hasira ya bazazi. Jimbo likitoka linanunua mutihani mwengine na balimu banajifunza tena. Feza ya kwanza hairudi.

Inchi ya Kenya (siyo komini yetu) ilishika njia ingine: bale batoto balianzia mu mufumo wa zamani baliachwa bamalize nao, KCPE, ekzame yao ya kumaliza shule ya musingi, ya mwisho ikawa 2023, bale ba mutaala mupya bakawa na mitihani yao. Kuendesha mifumo miwili pamoja ni bei kali, na huko bazazi na balimu balilia sana juu ya madarasa kukosekana. Lakini mutoto hakuanza na kipimo kimoja akamaliza na kingine.

Mimi niko upande wa kubadilisha, na nasema hivi: ibadilike kwa darasa ambalo halijaanza, na bale balianguka mu option ya zamani babaki na karatasi yao miaka michache. Mbele ya sheria yoyote, Leta ionyeshe bei yote, bitabu, mafunzo ya balimu, maabara, siyo uchapishaji wa itemu peke yake. Ikiwa franga haitoshi basi tungoje mwaka moja, miwili, kuliko kuituma ku mifuko ya bamama bila kubaambia.

Mukutano mwengine nitakwenda na ule mufuko wa muchele, yule papa aone makaye yenyewe.