Malalamiko ya ubakaji hayapaswi kuishia mezani kwa kocha

Mei 2016 Chuo Kikuu cha Baylor, chuo cha Wabaptisti kilichoko Waco, Texas, kilimwondoa rais wake, Ken Starr, pamoja na Art Briles, kocha aliyeifanya timu yake ya futiboli ya Kimarekani itajwe nchi nzima. Mawakili wa Pepper Hamilton walikuwa wamechunguza jinsi chuo kilivyoshughulikia malalamiko ya ubakaji. Walibaini kwamba zipo kesi ambazo watu wa timu walikutana wenyewe na mlalamikaji au mzazi wake, wakamsikiliza, kisha habari ikaishia hapohapo bila kufikishwa panapohusika. Miezi michache baadaye wakuu wa chuo walikiri kwa gazeti la Wall Street Journal kuwa tangu 2011 wanawake 17 walikuwa wametoa taarifa za kushambuliwa kingono au kupigwa, dhidi ya wachezaji 19.

Tazama na mambo mengine ya miaka hiyohiyo. Mwaka 2011 Robert Griffin III wa Baylor alitwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo. Mwaka 2013 timu ikabeba ubingwa wa Big 12, ligi ya vyuo inayochezea, na 2014 ukafunguliwa uwanja mpya wa dola milioni 266. Katika hali hiyo mchezaji hodari ni tiketi, ni haki za televisheni, ni mkataba wa kocha. Sisemi makocha wote ni waovu. Nasema mtu ambaye riziki yake inategemea mechi ya Jumamosi hawezi kuachiwa aamue Jumatano kama kijana wake anatuhumiwa kwa haki.

Wapo wanaojibu kwamba tuhuma si hukumu, na wana mfano mzito. Mwaka 2006 wachezaji watatu wa lakrosi (mchezo wa kurusha mpira kwa fimbo zenye wavu) wa Chuo Kikuu cha Duke walishtakiwa kwa ubakaji. Msimu ukafutwa, kocha Mike Pressler akalazimika kujiuzulu, na mwendesha mashtaka Mike Nifong akawahukumu mbele ya waandishi kabla ya mahakama. Aprili 2007 Roy Cooper, mwanasheria mkuu wa North Carolina, alifuta mashtaka na kutamka wazi kuwa vijana wale hawana hatia. Nifong akavuliwa uwakili. Mzazi mwenye mwana kwenye timu akiogopa yasimkute hayo, simlaumu hata kidogo.

Lakini nikiziweka kesi hizi mbili pamoja, naona ugonjwa mmoja. Nifong alikuwa akigombea uchaguzi wakati ule ule alipokuwa akiishikilia kesi. Watu wa timu ya Baylor walikuwa wakigombea ubingwa. Kote kuwili faili lilikuwa mikononi mwa mwenye maslahi, na vijana wa Duke hawakuokolewa na kocha aliyeficha jambo: waliokolewa na ushahidi uliopimwa upya na ofisi nyingine.

Kuna hoja nyingine isiyofaa kupitwa. Ian McCaw, aliyekuwa mkurugenzi wa michezo wa Baylor, alidai chini ya kiapo mwaka 2018 kwamba wachezaji weusi walitwishwa lawama za chuo kizima. Chuo kilikanusha. Hata hivyo, ni kweli kwamba uozo haukuwa wa timu peke yake: sheria ya Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia vyuoni, ipo tangu 1972, lakini Baylor ilipata afisa wa kudumu wa kuisimamia mwaka 2014. Na mwanafunzi aliyebakwa akiwa amekunywa pombe aliogopa kusema, kwa kuwa pombe yenyewe ilikuwa kosa chuoni. Hayo yanaongeza wenye hatia, hayamsafishi kocha.

Ajabu ni kwamba ukubwa wa uozo huo ndio uliokuja kuwa kinga. Agosti 2021 jopo la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, lilisema haliwezi kuhitimisha kuwa kanuni zake zilivunjwa katika kutoripoti ubakaji, kwa sababu uzembe ulikuwa wa chuo kizima, hivyo wachezaji hawakupata upendeleo wa pekee. Kwa makosa mengine Baylor ilitozwa faini ya dola 5,000 na kuwekwa chini ya uangalizi miaka minne.

Mwanafunzi mmoja aliyepigwa na mchezaji mwaka 2014 alilazimika kwenda mahakamani mwenyewe. Oktoba 2023 baraza la wazee wa mahakama mjini Waco liliamua kwamba chuo kilizembea, na kiliagizwa kumlipa dola 270,000. Alikuwa amesubiri miaka tisa.