Siku Antivairasi Ilipozuia Mgao

Sanduku la kikoba cha shangazi yangu, pale Ngamiani, Tanga, lina makufuli 3, na funguo zake zinashikwa na akina mama 3 wa nyumba tofauti. Nawafahamu wote. Mwizi anayetaka hela hizo, bora akavunje benki. Desemba, siku ya kuvunja mzunguko na kugawana hisa, funguo zote zilifika mapema. Aliyetuchelewesha ni antivairasi, programu ya kulinda kompyuta dhidi ya virusi.

Hesabu za mgao hufanywa na kiprogramu nilichomwandikia shangazi, ambaye ndiye mweka hazina. Kinasoma jedwali la Excel, kinakata madeni na faini, kisha kinasema kila mwanachama anaondoka na shilingi ngapi. Nilikiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, nikakifunga kwa zana iitwayo PyInstaller kiwe faili moja la kubofya tu. Kasheshe ndipo ilipoanzia. Faili la namna hiyo likibofywa hujifungua lenyewe, humwaga vitu vyake kwenye folda ya muda, ndipo huanza kazi, na waandishi wa virusi nao wanaupenda mtindo huohuo. Tena halikuwa na saini ya kidijitali ya kampuni yoyote, na dunia nzima lilikuwa kwenye kompyuta mbili, yangu na ya shangazi; faili geni kama hilo antivairasi hulitilia shaka. Asubuhi ile laptopu ikaonja bando, antivairasi ikajisasisha, ikaamka na macho mapya.

Nikabofya mbele ya akina mama 30 waliovalia sare ya kitenge. Kikaruka kidirisha chekundu: tishio limepatikana, tishio limeondolewa. Kiprogramu kikapotea huku nakitazama.

"Hiyo nyekundu nini?" akauliza katibu, aliyekaa ubavuni kwangu na daftari lake la muhtasari.

"Kirusi. Lakini si kirusi kweli."

Jibu hilo usilitoe mbele ya watu wanaongoja hela zao.

"Mwaka mzima hakuna kirusi, kije siku ya mgao?" akasema mmoja.

"Na aliyeandika hicho kitu ni mtoto wa kaka yake mweka hazina," akamalizia mwingine, si kwa kunong'ona.

Nikaeleza kuwa jedwali lipo salama, kilichokamatwa ni kikokotoo tu. Nikawaonyesha jina la hicho kirusi, refu, lenye nukta na alama ya mshangao, likiishia na herufi "ml": maana yake kompyuta haikukuta kirusi inachokijua, imekisia kwa kufananisha. Nikakipeleka VirusTotal, tovuti ambako faili moja hupimwa na antivairasi nyingi kwa mpigo. Nyingi zikasema safi. Chache zililalamika, kila moja ikakipa jina tofauti, dalili kwamba zilikuwa zinabahatisha.

"Kumbe wapo waliokiona!" akasema katibu, akaandika.

Nikajaribu historia. Nikawaambia mwaka 2012 antivairasi ya Sophos, ya Uingereza, ilijikamata yenyewe, ikadai kisasishaji chake ni kirusi.

"Na wewe jikamate basi, tumalize," ikatoka sauti nyuma.

Nikaingia karantini, antivairasi inakofungia ilivyovikamata, nikakirudisha. Kikakamatwa tena kabla sijainua kidole. Njia ya kudumu ni kuwatumia watengenezaji wa antivairasi faili walichunguze, lakini majibu hayo hayaji saa hiyohiyo, na hapa watu walishaahidi watoto sare za Januari. Ikabaki kuiamuru antivairasi isiikague folda ya kiprogramu. Hapo ikadai nenosiri la msimamizi, ambalo aliliweka binamu yangu, mtoto wa shangazi, anayesoma Dodoma.

Katibu akataka simu iwekwe spika, mambo ya kikundi hayana chemba. Shangazi akaiweka kwa mbwembwe, akainyanyua juu kabisa.

"Mwanangu, nipe paswedi ya laptopu."

Kimya.

"Mama, toa spika kwanza."

"Sitoi! Mimi sina siri na wenzangu."

"Nakutumia meseji sasa hivi."

"Meseji ya nini? Sema, watu wanangoja hela!"

Kijana akashusha pumzi. "KatibuMwizi. K kubwa, M kubwa."

Kalamu ya katibu ikasimama katikati ya mstari. Mimi nikaandika huku vidole vinateleza, kompyuta ikakataa. Ikabidi niombe arudie.

"Katibu mwizi, kaka! Unganisha, usiache nafasi!"

Ikakubali. Kiprogramu kikafunguka, mgao wote ukajipanga safi, na hakuna aliyeutazama. Katibu akadai kila tarakimu ilinganishwe na daftari lake, jina kwa jina. Zikalingana mpaka shilingi ya mwisho, jambo ambalo halikumfurahisha hata kidogo. Akafungua katiba ya kikundi, akasoma kifungu cha lugha chafu kikaoni: faini shilingi 2,000.

Shangazi akaruka. Yeye hakutamka kitu, na aliyetamka si mwanachama, tena yuko Dodoma.

"Simu ya nani?" akauliza katibu. "Na spika, aliyekataa kuitoa nani?"

Mwenyekiti akafikiri sana, akasema faini ni halali. Kisha akauliza neno lenyewe limetamkwa mara ngapi. Wote wakanigeukia.

"Mara mbili," nikasema.

Nikaingiza 4,000 kwenye safu ya faini ya shangazi, mgao ukaanza. Habari za kirusi shangazi hajaziuliza tena. Anachouliza, mpaka leo, ni masikio yangu yalikuwa na nini mara ya kwanza.