Nilivyomnyoa Punda wa Baba Mdogo Bila Wembe

Nilipostaafu uhasibu Dar na kurudi Kibosho, mlimani Kilimanjaro, kihamba cha marehemu baba, yaani shamba letu Wachaga la kuzunguka nyumba, nilikikuta kama alivyokiacha: miti ya miringaringa na miruka juu, migomba katikati, kahawa chini ya migomba, na magimbi chini ya kahawa. Babu zetu walipanga hivyo bila semina. Mimi niliyehudhuria semina nyingi (za kodi, lakini semina ni semina) nikaona pana upungufu. Mti wa malisho haupo! Ng'ombe wangu wa ndani anakula majani ya kununua kutoka tambarare, na kiangazi kikikaza bei ya mzigo mmoja unaweza kudhani wanauza mchele.

Nikaanza kuulizia. Jamaa wa kundi letu la WhatsApp akasema panda mlusina, hutajuta. Mama muuza miche kule njia ya Kiboriloni akasema achana na mambo ya simu, chukua lukina. Binamu yangu wa Arusha, ambaye kila kitu anakijua kwa sauti kubwa, akanicheka: wenzenu huku tumeshahamia kwenye lusena.

Mhasibu hafungi hesabu kwa risiti moja. Nikanunua miche ishirini ya kila aina, jumla sitini, nikaipanda kwenye kingo za matuta, mistari mitatu, kila mstari na kibao chake: MLUSINA, LUKINA, LUSENA. Wageni wakija nawatembeza. Nawaeleza kwamba lukina ni mbishi ikiwa michanga, mlusina unapenda kivuli kidogo, ila kwa utamu mifugo wanachagua lusena. Mzee mmoja wa kanisani aliandika kwenye daftari. Hadi leo nikikutana naye namkwepa.

Miti ikaota kwa fujo. Mwaka wa pili nakata matawi, baada ya wiki chache yamerudi. Nikapata kipeperushi cha ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, kikasema majani yake yakikaushwa yana protini zaidi ya asilimia 20. Nilifurahi nikakikunja papo hapo nikakitia mfukoni. Kilikuwa na upande wa pili.

Sasa, jirani yangu wa mpakani ni baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Ana punda aliyemnunua tambarare kwa ajili ya kubebea majani, anaitwa Fuso. Huku kwetu mlimani punda si wengi, kwa hiyo Fuso anajulikana kuliko diwani. Baba mdogo akaitwa Dar kutibiwa macho, akaniachia Fuso mwezi mzima. "Mwanangu," akasema, "nimrudie kama nilivyomwacha."

Nikasema moyoni, kama ulivyomwacha? Utamkuta amenenepa.

Nikampa mlusina asubuhi, lukina mchana, lusena jioni. Mlo kamili. Fuso alikula kama mgeni wa harusi asiyechangia.

Wiki ya tatu nikaona nywele zimenasa kwenye nguzo ya banda. Kesho yake zaidi. Keshokutwa shingo ina mapengo kama kiwanja cha shule, na kile kishungi cha mkiani kimebaki nyuzi nne. Mke wangu akashika kiuno: "Kuna mtu anamnyoa usiku anapeleka kwa mganga." Nikaona ina mantiki. Usiku huo nikavaa koti, nikachukua panga na tochi, nikakesha bandani. Hakuna aliyekuja. Usiku wa pili, hakuna. Na kwa sababu nilimwonea huruma Fuso, kila nikimwona amenyong'onyea namwongezea kifungu cha lusena.

Usiku wa nne shingo ilikuwa inang'aa kwenye tochi.

Nikamwita bwana mifugo. Akamzunguka Fuso mara mbili, kimya. Akamtazama kichwani, kisha akanitazama mimi. Hapa lazima nikiri kwamba nina kipara tangu nikiwa na miaka thelathini na tano.

"Mzee," akasema kwa heshima zote, "na wewe unakula haya majani?"

Nikampeleka kwenye mistari yangu. Akachuma jani la mlusina, akasema: Leucaena leucocephala. La lukina: Leucaena leucocephala. La lusena, akacheka hadi akashika kibao. Miche sitini, vibao vitatu, mti mmoja, kwao Mexico na Amerika ya Kati.

Akanieleza kuwa ndani yake mna sumu inaitwa mimosini. Ng'ombe anaweza kuimudu kama tumboni ana bakteria wa kuivunja, na hata yeye achanganyiwe na majani mengine, lusina isizidi theluthi. Punda, sungura na nguruwe hawana tumbo la kucheua, kwa hiyo nywele zinapukutika. Nikachomoa kipeperushi mfukoni, nikageuza upande wa pili. Yote yameandikwa.

Usiku huo nilisoma hadi saa nane. Safari hii niliandika jina la kisayansi kwanza, nikaingia kwenye kanzidata ya miti ya ICRAF, wale wa kilimo mseto wenye makao Nairobi, nikakuta mti wangu na mabaya yake umewekwa wazi, bure, muda wote huo. Nikasoma pia kuhusu mtafiti wa Australia, Raymond Jones. Aliona mbuzi wa Hawaii wanakula lusina bila kudhurika, wakati ng'ombe wa kwao wanaumia, akahamisha bakteria wa tumboni wa kuvunja ile sumu kutoka Hawaii hadi Australia. Mwaka 1992 bakteria huyo akapewa jina lake, Synergistes jonesii. Yeye alipewa bakteria. Mimi, kufika Jumapili, watoto wa kijiji walikuwa wanamwita Fuso kwa jina langu.

Bwana mifugo alisema nywele zitarudi nikiacha kumlisha lusina. Hakusema zitarudi kabla ya baba mdogo.

Baba mdogo alishuka kwenye bodaboda, macho yametibiwa, anaona vizuri kuliko nilivyotaka. Nilimsubiri getini na isale mkononi, ule mmea wetu wa kuombea msamaha, kwa sababu mila zetu ziko wazi: ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe. Alimtazama Fuso. Alinitazama. Alimtazama Fuso tena.

"Aika, mbe," akashukuru kwa Kichaga, akapokea isale kwa mikono miwili. Nikashusha pumzi.

Isale lina kazi nyingine, kila Mchaga anaijua: ndiyo alama ya mpaka wa kihamba. Kesho yake asubuhi nilimkuta baba mdogo ameinama na jembe, analipanda lile lile nililompa, hatua mbili ndani ya upande wangu, katikati ya mstari wa LUSENA.