Reli Isiishie South Ferry

Kituo cha South Ferry, mwisho wa treni namba 1 kwenye ncha ya kusini ya Manhattan jijini New York, kimefunguliwa mara mbili na kulipiwa mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Machi 2009, baada ya kutumika zaidi ya dola milioni 500, nyingi zikiwa fedha za serikali kuu zilizotolewa kufuatia mashambulizi ya Septemba 11. Kabla hakijatimiza miaka minne, tarehe 29 Oktoba 2012, Kimbunga Sandy kikaingiza bahari ndani. Maji ya chumvi yalipanda kutoka relini hadi ukumbi wa juu na kuharibu mitambo ya umeme na ya ishara. Abiria walirudi humo tarehe 27 Juni 2017, baada ya takriban dola milioni 340 nyingine.

Wapo waliosema fedha hizo zimetupwa majini. Mimi nasema zilistahili. Kituo cha zamani, kilichorudishwa kazini Aprili 2013 kama dharura, ni cha mwaka 1905. Reli yake imekunjwa kwenye kona kali hivi kwamba katika mabehewa kumi ni matano ya mbele tu yaliyofika jukwaani. Aliyepanda behewa la sita hakuweza kushukia pale. Lifti haikuwepo. Mama mwenye kigari cha mtoto, mzee mwenye mkongojo, wote walipambana na ngazi. Kituo cha sasa kinapokea treni nzima, kina lifti, na viingilio vyake vimewekewa milango ya kuzuia mafuriko. Watu wanaoshuka feri ya kutoka kisiwa cha Staten Island, ambayo ni bure kama ile ya Likoni kwa waendao kwa miguu, wanastahili angalau hilo.

Kinachoniuma ni kwamba reli inakomea pale pale. Ng'ambo ya maji, upande wa Brooklyn, kuna mtaa wa Red Hook. Humo zimo Red Hook Houses, makazi ya umma makubwa kuliko yote ya Brooklyn, na hakuna treni inayoingia mtaani. Unategemea basi, kama B61, au unatembea hadi kituo cha Smith–Ninth Streets, ukipita chini ya barabara kuu ya juu iliyoutenga mtaa huo na Brooklyn nyingine. Sandy ile ile iliyozamisha South Ferry iliwafurikia na wakazi wa Red Hook, wakakaa kwenye maghorofa majuma kadhaa bila umeme wala joto.

Mwaka 2016 kampuni ya uhandisi ya AECOM ilipendekeza reli ya namba 1 ipitishwe chini ya bandari hadi Red Hook. Januari 2018 gavana wa New York wa wakati huo, Andrew Cuomo, akaitaka mamlaka ya usafiri ilichunguze wazo hilo. Handaki halijachimbwa. Na asiniambie mtu kwamba maji yale hayapitiki: magari yana handaki lao tangu 1950, linaloanzia karibu kabisa na South Ferry na kutokea upande wa Red Hook. Mwenye gari alifikiriwa zamani. Asiye nalo bado anangoja basi.

Wengine wangependa treni iende Staten Island. Moyo wangu uko pamoja nao. Handaki la kwenda huko lilianza kuchimbwa 1923 na kuachwa 1925. Lakini huko feri husafiri dakika 25. Red Hook ni karibu zaidi, kwa hiyo ianze yenyewe.

Kuna hofu moja ninayoiheshimu. Pendekezo la AECOM liliambatana na ujenzi wa makumi ya maelfu ya nyumba mpya, na wapangaji wanajua kodi hufanya nini treni ikifika. Hofu hiyo haifutwi kwa kuwanyima usafiri. Ulinzi wa wapangaji uandikwe kwenye mpango ule ule unaoidhinisha handaki, na milango ya mafuriko iwepo tangu siku ya kwanza, maana ardhi ya Red Hook iko chini sana, karibu na usawa wa bahari.

Ninachodai sasa ni uchunguzi wa dhati, wenye gharama, kina cha handaki na mahali vituo vitakapokaa, uwekwe hadharani. Na mikutano ya kuujadili ifanyike Red Hook kwenyewe, jioni, watu wakishatoka kazini.