Kivuli na ukoka: nani ampishe mwenzake?

Mwenye ua wenye mti mkubwa analijua lile duara la udongo mtupu chini ya matawi. Unapanda ukoka mvua zikianza, unashika, unapendeza miezi miwili, kisha unanyong'onyea mmoja mmoja hadi udongo unabaki wazi kama mwanzo. Wapo wanaosema kasoro ni matunzo: mbolea kidogo, maji hayatoshi. Wengine husema nyasi na kivuli haviivi chungu kimoja, kwa hiyo ng'oa, panda mimea mingine inayotambaa. Naona wote wanaruka swali la kwanza: kivuli chenyewe ni cha nini, cha ukuta au cha mti?

Ukuta huzuia mwanga, basi. Mti hudhulumu mara mbili. Majani yake hunyonya mwanga mwekundu na wa buluu, ambao mimea huutegemea zaidi kujitengenezea chakula, na kinachofika chini ni masazo. Nyasi ikikosa mwanga huo hurefuka kuutafuta, ikawa nyembamba na laini. Huku chini, mizizi inayonyonya maji, ambayo kwa miti mingi imejaa kwenye sentimita 30 za juu za udongo, inagombea maji yaleyale. Ndiyo maana wanaoshauri kuongeza mbolea wanapotea: naitrojeni nyingi ya mbolea huzidisha ule urefu dhaifu na kukaribisha magonjwa ya kuvu.

Lakini watetezi wa nyasi hawajaishiwa hoja. Ukoka, yaani Cynodon dactylon, unataka jua la moja kwa moja kama saa sita kwa siku au zaidi. Kuulazimisha kivulini ni kujichosha. Nyasi yenye majani mapana, Stenotaphrum secundatum, huridhika na saa nne hivi. Kwenye nchi za baridi ipo nyasi nyingine ya kuvumilia kivuli, Festuca rubra. Ukipogoa matawi ya chini, ukaacha nyasi ifike sentimita 8 badala ya kuinyoa, ukapunguza mbolea na kuzoa majani yanayoanguka, unaweza kufanikiwa. Tena nyasi hukanyagika, na hiyo ndiyo hoja yao kubwa. Shida ni kwamba nyasi ya kivulini hupona polepole ikiumia, kwa hiyo watoto wakicheza mpira hapo kila jioni, hoja yenyewe inakanyagwa pamoja nayo.

Upande wa pili, wa mimea inayotambaa, nao una siri wasiyoitaja: palizi. Mmea wa Ophiopogon japonicus ni mzuri kweli, majani membamba ya kijani kibichi kilichokolea, haukatwi kila wiki, lakini huenea kwa mwendo wa kinyonga. Itakubidi ung'oe magugu kwa mkono misimu kadhaa kabla haujafunga nafasi. Kukosa subira ndiko kunakowafanya watu wakimbilie mmea mwingine, Tradescantia zebrina, yule mwenye majani ya mistari ya fedha na zambarau. Huyo hana simile. Kipande cha shina kikianguka kwenye unyevu kinaota, na katika nchi kadhaa anahesabiwa kuwa gugu vamizi. Hedera helix naye, mmea wa kutambaa na kupanda, kipenzi cha bustani za Ulaya, huko Marekani amepanda miti ya misitu na kuielemea.

Kwa hiyo kando ya ukuta, kama saa nne za jua zinapatikana, mimi ningejaribu nyasi. Zihesabu kwa macho, asubuhi mpaka jioni, na urudie msimu mwingine kwa kuwa njia ya jua huhama. Chini ya mti wenye majani mazito nisingehangaika nayo. Ningepanda miche midogo kwenye mianya kati ya mizizi, maana kuchimba mashimo makubwa hukata mizizi na kurundika udongo mpya juu yake huinyima hewa. Pa kupita ningeweka mawe bapa. Karibu kabisa na shina, ambako hata mimea ya kivuli hukata tamaa, ningetandaza majani makavu unene wa sentimita 5 hadi 8, yakae mbali kidogo na gome lisije likaoza.